Mapera Yaoza Shambani, Soda Twanunua Kondele

Mwezi huu nataka kusema neno ambalo baadhi yenu mtalicheka, maana si neno la mbolea wala la dawa ya kupe. Ni neno la jikoni. Mtu akipita katika mashamba yetu ya skimu, tangu Miwani mpaka Koru, wakati mapera na maembe yameiva, ataona jambo la kusikitisha. Matunda yamelala chini ya miti, na wanaoyala ni kuku na nzi. Jioni mwenye shamba huyo huyo anarudi kutoka Kondele na soda mbili na mkebe wa jamu ndani ya kikapu.

Nami nilikuwa mmoja wao. Msimu mmoja nilipakia magunia mawili ya maembe juu ya matatu nikaenda nayo Kondele, nikidhani nitarudi na karo ya shule. Njia ilikuwa mbaya, maembe ya chini yakapondeka, na nilipofika nikakuta wachuuzi wana maembe tele, kwa kuwa sisi sote huvuna kwa wakati mmoja. Mama mmoja mwenye meza alifungua gunia, akatazama, akasema, "Jaduong', haya ya juu nitachukua. Yale yaliyopondeka rudi nayo uwapikie watoto."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamwuliza, "Mama, maembe nayo hupikwa?"

Akacheka sana. Akaniambia kwamba yale yanayombakia jioni yeye huyamenya, akayatia sukari kidogo na maji ya limau, akayapika mpaka yakawa mazito, na watoto wake huyala pamoja na uji asubuhi. Basi nikarudi na maembe yangu mabovu, na fedha niliyopata ilikuwa karibu sawa na nauli niliyolipa. Lakini nilipata shauri lile, na faida yake nimeiona kuliko ya safari nzima.

Kitu alichonieleza ni rojo la matunda. Si jamu. Jamu hutiwa sukari nyingi, karibu uzito sawa na tunda lenyewe, na sukari hiyo ndiyo inayoizuia isiharibike. Rojo hutiwa sukari kidogo tu, na huliwa siku ile ile au ya pili. Humwagwa juu ya maziwa mala, juu ya kastadi, juu ya wali wa maziwa, juu ya uji mzito, au hupakwa juu ya chapati iliyobaki.

Sasa kwa nini nasema jambo hili lawahusu wakulima wa skimu hasa? Wazee wetu walipogawiwa mashamba chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka wa 1962, na katika skimu za miwa zilizofuata hapa Muhoroni, fikira zote zilikuwa juu ya mazao ya kuuzwa. Muwa ukihesabiwa, mahindi yakihesabiwa, ng'ombe akihesabiwa, mpera ulio kando ya choo haukuhesabiwa na mtu. Mpaka leo haujaingia katika hesabu ya nyumba. Lakini muwa hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na baada ya kukatwa malipo huweza kuchelewa sana, kama mjuavyo ninyi nyote. Katika miezi hiyo yote watoto hula nini kilicho kitamu? Mpera hautungoji tulipwe.

Sina maana kwamba tuache kuuza matunda. Yaliyo mazuri na yauzwe. Nasema juu ya yale yaliyopondeka, yaliyoiva mno na yaliyodonolewa na ndege upande mmoja, ambayo mnunuzi hayataki na sisi twayatupa.

Haya, mapera hupikwa hivi. Chukua kilo moja ya mapera yaliyoiva, na uchanganye mawili matatu ambayo hayajaiva sana, kwa maana hayo ndiyo yanayolifanya rojo kuwa zito. Osha vizuri, kata sehemu mbovu uitupe, kisha katakata vipande. Usimenye. Tia katika sufuria na vikombe viwili vya maji, ufunike, uyaache juu ya moto mdogo karibu dakika ishirini mpaka yalainike kabisa. Yaponde kwa mwiko, uyapitishe katika chujio ili mbegu zibaki. Kazi hii ya kuchuja ndiyo yenye taabu, wala sitawadanganya. Mpe kijana mwenye mikono yenye nguvu. Kisha rudisha motoni, tia nusu kikombe cha sukari na maji ya limau moja, ukoroge dakika kumi hivi. Likianza kushika mgongo wa kijiko, epua. Ukiwa na sukari nguru waweza kuitumia, ila rangi itakuwa ya kahawia.

Maembe ni rahisi zaidi, maana hayana mbegu za kuchujwa. Menya, ponda, tia maji kidogo na limau, chemsha kidogo. Mengi huhitaji kijiko kimoja tu cha sukari, na mengine hayahitaji hata hicho. Ikiwa embe ni la nyuzi nyingi, chuja. Ukiliona rojo ni jepesi, koroga kijiko cha chai cha unga wa kastadi katika maji baridi ulitilie likiwa motoni.

Nanasi lina jambo lake. Nanasi bichi likichanganywa na maziwa huyakata na kuyafanya machungu, nalo papai bichi ni vivyo hivyo. Likichemshwa vizuri kwanza halifanyi hivyo. Nyumbani kwangu tulimwaga bakuli zima la kastadi kabla ya kujua habari hii.

Mzee mmoja jirani yangu alinipinga akisema kwamba chakula kitamu baada ya ugali ni desturi ya Wazungu, na matunda ni chakula cha watoto. Nilimwuliza uji wake hutiwa nini. Alinyamaza, kwa kuwa nyumbani kwake, kama katika nyumba nyingi za Waluo, uji hutiwa chwaa, yaani ukwaju. Ukwaju si tunda?

Mwingine alisema ni kupoteza sukari na makaa. Hili ni neno la haki, na lastahili jibu. Makaa sisi hatuongezi: sufuria huwekwa juu ya jiko ugali ukishaepuliwa, na moto ule uliobaki hutosha sehemu kubwa ya kazi. Na kuhusu sukari, nusu kikombe ikigawanywa kwa watu kumi, kila mmoja hupata kama vijiko viwili na nusu vya chai. Chupa moja ndogo ya soda ina karibu vijiko vinane, nayo hunywewa na mtu mmoja. Mwenye ugonjwa wa kisukari apewe lisilotiwa sukari, tena kidogo tu, maana tunda lenyewe lina utamu wake. Pera lina vitamini C kuliko chungwa, na ijapokuwa moto huipunguza, soda haina hata ya kupunguzwa.

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka wa 1952, na tangu zamani vikundi vya akina mama vimefundishana mapishi na utunzaji wa nyumba. Kosa letu wanaume ni kukaa nje tukingoja kuitwa mezani. Fedha ya sukari iko mfukoni mwa nani? Na ni nani anayesema mti wa mpera ukatwe ili muwa upate nafasi? Basi habari hii ni yetu pia.

Neno moja la hadhari. Usiliache rojo usiku kucha katika sufuria ya alumini, maana uchachu wa tunda hula chuma na ladha huharibika. Litie katika bakuli la udongo au chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, ulifunike lisiingie nzi. Mahali pa baridi litakaa mpaka kesho. Katika friji, siku tatu au nne. Likitoa mapovu au harufu ya pombe, limwage, hata kama mgeni yuko mlangoni.