Bangladesh yadhibiti vimbunga, mito bado yaihangaisha

KWA zaidi ya nusu karne, Bangladesh imefaulu kupunguza vifo vinavyosababishwa na vimbunga kutoka mamia ya maelfu hadi makumi. Hata hivyo, mafuriko ya mito ambayo huanzia ng'ambo ya mipaka yake yangali yanaitoa jasho.

Itakumbukwa kwamba mnamo Novemba 12, 1970, kimbunga cha Bhola kilisukuma maji ya Ghuba ya Bengal hadi nchi kavu na kuua watu kati ya 300,000 na 500,000. Wakati huo eneo hilo liliitwa Pakistan Mashariki, na serikali ya Jenerali Yahya Khan ililaumiwa vikali kwa kuchelewesha misaada. Mwezi uliofuata chama cha Awami League kilishinda uchaguzi, na mwaka wa 1971 vita vya ukombozi vikazuka.

Taifa hilo jipya halikulisahau funzo hilo. Mnamo 1972 ulianzishwa mpango wa kujiandaa kwa vimbunga, unaoendeshwa na serikali pamoja na Shirika la Hilali Nyekundu. Maelfu ya watu waliojitolea hupita vijijini na vipaza sauti wakiwahimiza wakazi wakimbilie majengo imara yaliyoinuliwa juu ya nguzo.

Mafanikio hayakupatikana kwa siku moja. Kimbunga cha Aprili 1991 kiliua watu wapatao 138,000. Kile cha Sidr, Novemba 2007, kiliua takribani 3,400. Amphan kilipovuma Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wamehamishwa mapema, na waliofariki nchini humo hawakufika 50.

Mafuriko ya mito ni suala tofauti. Pepo za kusi, zile zile wanazozijua manahodha na wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, huvuka ikweta, hupinda juu ya Bahari ya Arabia na kuingia Asia Kusini zikiwa zimesheheni unyevu. Kati ya Juni na Septemba, huleta sehemu kubwa ya mvua ya mwaka mzima.

Mvua hiyo hainyeshi Bangladesh pekee. Mawsynram, katika milima ya India karibu na mpaka, hupata wastani wa takribani milimita 11,800 kwa mwaka. Zaidi ya asilimia 90 ya bonde la mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna liko nje ya Bangladesh, ilhali maji yake hupitia humo kuelekea baharini.

Athari za hali hiyo zilidhihirika Agosti 2024, maji yalipofurika ghafla wilayani Feni na maeneo jirani. Zaidi ya watu milioni 5 waliathirika, huku umeme na mawasiliano ya simu yakikatika. Baadhi ya viongozi wa Bangladesh walidai India ilifungua bwawa la Dumbur bila kuwaarifu. India ilikanusha, ikasema maji yalijitoa yenyewe kutokana na mvua kubwa, na kwamba kukatika kwa umeme kulitatiza upelekaji wa takwimu za mto.

Ukweli uwe upi, tukio hilo lilifichua pengo. Nchi hizo mbili zina mito 54 ya pamoja, lakini mkataba wa kugawana maji ya Ganges, uliotiwa saini mwaka wa 1996 kwa muda wa miaka 30, unahusu miezi ya ukame, Januari hadi Mei. Ulibuniwa kutatua uhaba wa maji, wala si wingi wake.

Kimbunga huonekana kikiwa bado baharini, na Bangladesh inaweza kuwaonya raia wake bila kumsubiri jirani. Kwa mito, onyo la kwanza sharti litoke upande wa juu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na katika suala hili tahadhari hiyo imo mikononi mwa wanadiplomasia sawa na ilivyo mikononi mwa wenye vipaza sauti.