Rubani wa Kindu aanze kufundishwa chini, mbele ya kupanda ndege

Kindu, jimboni Maniema. Ndege ikipita juu ya Lualaba, watoto wa Alunguli walio ndani ya mtumbwi wanainua macho mpaka ipotee. Uliza nani kati yao anataka kuwa rubani: mikono yote inapanda. Kisha mtu mzima mmoja anacheka: « Hiyo ni kazi ya wazungu na ya watoto wa wakubwa. » Neno hilo limefunga mlango kwa vijana wengi kuliko ukosefu wa franga.

Ni aibu kwa mji unaoishi kwa ndege. Mvua ikinyesha, lori linalala njiani ndani ya matope. Treni ya kusini haina siku ya hakika. Familia zilizokimbia vita zinajua zaidi: tangu kiwanja cha Goma kufungwa mwezi wa kwanza 2025, dawa na misaada vinazunguka njia ndefu. Lakini mtoto wa Kindu anafundishwa kubeba mizigo kiwanjani tu. Hakuna anayemwambia kwamba hata usukani una njia yake.

Njia hiyo inaanzia chini. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya kwanza ya rubani binafsi inaombwa kuanzia miaka 17, na saa zisizopungua 40 za kuruka. Anayetaka kulipwa kwa kazi hiyo anahitaji saa 150 mpaka 200. Kila saa inalipwa, na ni ghali kweli. Ndiyo maana anayefika siku ya kwanza bila kujua kitu anachoma franga za wazazi hewani, akirudia somo lilelile.

Basi ajiandae hapa hapa. Hesabu na fizikia: kwa nini bawa linainua ndege, kwa nini joto la mchana linafanya ndege ihitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Kiingereza: shule ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa 1971, inafundisha kwa lugha hiyo, na redio za safari za nje zinaitaka. Herufi za marubani hazilipishwi: jina Kindu linatajwa Kilo, India, November, Delta, Uniform. Mtoto anaweza kuzijua zote kwa wiki moja.

Wazazi, jambo moja mbele ya kuuza shamba: daktari kwanza. Shule za ndege zinataka kipimo cha macho, masikio na moyo kinachofanywa na daktari anayekubaliwa na mamlaka ya anga. Miwani peke yake haimzuii mtu, lakini kutotofautisha rangi kunaweza kumzuia. Ajuaye hilo kisha kulipa shule amepoteza shamba bure.

Na somo la siku ya kwanza lenyewe si kuruka tu. Mwanafunzi anazunguka ndege kwa miguu, anashika matairi, anatazama mabawa. Anachota mafuta kidogo ndani ya chombo cha kioo aone kama maji yamekaa chini, jambo linaloeleweka na yeyote aliyewahi kununua mafuta ya chupa kando ya barabara. Anapiga hesabu ya uzito. Anatazama hali ya hewa. Kimoja kikiwa kibaya, harukishi. Somo la kwanza la rubani ni kusema hapana.

Kongo imelipa kwa damu kwa kukosa neno hilo. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kupaa Ndolo, Kinshasa, ikaingia sokoni. Watu zaidi ya 200 walikufa. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing ilianguka Kisangani ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Tangu 2006 Ulaya imefunga anga yake kwa mashirika ya nchi hii. Hata jina la Kindu, kule Pisa nchini Italia, linakumbukwa kwa wanajeshi wa anga 13 wa Italia waliouawa hapa Novemba 1961. Mji huu unastahili kutajwa kwa jambo lingine katika historia ya ndege.

Lawama isimwangukie rubani peke yake. Msafiri anayebembeleza « ongeza gunia moja tu » naye anabeba sehemu yake, na mkubwa anayepiga simu ili ndege iondoke juu ya mvua anabeba kubwa zaidi.

Serikali ya jimbo haiombwi kununua ndege. Inaombwa walimu wa fizikia wanaolipwa, siku moja kila muhula ya wanafunzi kutembelea mnara wa kiwanja, na msaada wa masomo unaotolewa kwa mtihani, matokeo yakibandikwa mlangoni, si kwa jina la ukoo. Na mtoto wa familia iliyohama, aliyepoteza karatasi zake njiani, apewe kalamu afanye mtihani huo kama wenzake.

Kama hilo nalo ni zito, wakubwa waache kusimama mbele ya ndege kupiga picha. Watoto walio ndani ya mtumbwi wanawaona.