RINDI WA MOSHI NA BENDERA ZAKE

Katika matawi yetu huku mlimani vijana hupenda kuwagawa wazee wa zamani mafungu mawili: mashujaa na wasaliti. Mangi Meli huwekwa kwa mashujaa, na ni haki yake. Baba yake, Mangi Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, hutupwa kwa wasaliti. Mimi nakataa.

Matendo yake yanajulikana. Mei 1885 alikuja Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani Barghash wa Unguja, na Rindi akaikubali bendera ya Sultani. Mwezi wa pili yake akafika Mjerumani, Jühlke. Rindi huyo huyo akafanya mkataba naye. Mwaka 1889 alituma wajumbe mpaka Berlin. Februari 1891 Wissmann alipompiga Mangi Sina wa Kibosho, wapiganaji wa Rindi walikuwa pamoja naye.

Je, alikuwa mtumishi wa nani? Si wa Sultani, wala si wa Kaisari. Alikuwa wa Moshi. Sina alikuwa jirani wa kuogopwa, na kutoka Moshi hadi Kibosho ni mwendo wa miguu tu. Kwa Rindi bendera ilikuwa kama bunduki: ukipata iliyo bora, ya zamani unaiweka chini. Na hao Wazungu waliomwita kigeugeu, mwaka 1886 walikaa kwao Ulaya wakachora mstari, mlima wetu ukaangukia kwa Wajerumani. Nani aliulizwa?

Kosa lake ni jingine, wala si dogo. Alimhesabu jirani kuwa adui mkubwa kuliko mgeni mwenye mzinga. Kibosho ikavunjwa, mwaka ule ule Rindi akafa, na deni likamwangukia mwanawe. Juni 1892 Meli aliwashinda Wajerumani, na von Bülow akauawa. Agosti 1893 walirudi na nguvu kubwa, wakamshinda. Wakati huo Marealle wa Marangu alikuwa rafiki yao, kwa werevu ule ule wa Rindi.

Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 uchunguzi uliofanywa Berlin ulilitambua fuvu la Akida, mshauri wake. La Meli halikuonekana.