Jina la Aliyesimama Mlangoni

Habari za watu wanaosimama nje ya kliniki za utoaji mimba huko Marekani na Uingereza hutufikia zikiwa zimekwisha kuvikwa nguo. Chombo kimoja huwaita waandamanaji, kingine wasumbufu, cha tatu washauri. Na mtu yule yule, rozari mkononi, huwa watu watatu kabla jua halijatua. Wafasiri wetu nao hulichukua neno la kwanza walilolikuta. Leo tunalitazama jambo hili kwa upande wa maneno tu. Hukumu ya tendo lenyewe tunawaachia wanazuoni.

Kuandamana ni kufuatana njiani, mmoja nyuma ya mwenziwe. Aliyesimama ukutani asubuhi nzima bila kusogea haandamani na yeyote. Wengine huandika mkesha, ilhali watu wale husimama mchana, saa za kazi za kliniki.

Wala haya si mabishano ya walimu wa sarufi. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria mwaka 2007 ya kuwaweka watu umbali wa futi 35 kutoka milango ya kliniki. Eleanor McCullen, mwanamke mzee aliyeipinga mahakamani, alisema kwamba yeye hapigi kelele, bali huzungumza na wanawake kwa upole na kuwapa msaada. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kuwa yeye na wenzake hawakuwa waandamanaji, na majaji wote 9 wakaitengua sheria ile. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito katika hukumu, kwani bango husomeka kwa mbali, lakini maneno ya upole hayafiki futi 35.

Hata hivyo, neno mshauri nalo lina upande. Kwetu ushauri nasaha ni kazi yenye mafunzo, na mwenye shida ndiye huufuata. Yule wa kando ya barabara hakuitwa na mtu. Binti anayepita akiwa na hofu yake huenda akamwona mama mwema, huenda akamwona mtu wa kumwaibisha mbele ya njia. Jina tulilompa msemaji haliwezi kutuambia ni lipi.

Mbali zaidi lilikwenda kundi la Operation Rescue, ambalo kiangazi cha mwaka 1991 huko Wichita, Kansas, wafuasi wake waliketi milangoni hata watu zaidi ya 2,000 wakakamatwa. Wenyewe waliita uokozi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haikujishughulisha na jina hilo; ilikataza nguvu, vitisho na kuziba njia.

Uingereza nako, tangu tarehe 31 Oktoba 2024, kuna mita 150 kuzunguka kila kliniki ziitwazo eneo salama, na wapinzani huziita eneo la kunyamazisha watu. Sheria yenyewe hutaja vitendo: kushawishi uamuzi wa mtu, kuzuia njia, kumsumbua au kumtia hofu. Njia hiyo tunaiona bora, ingawa kushawishi ni neno pana mno. Kabla ya sheria hiyo, mwaka 2022, mwanamke mmoja alikamatwa Birmingham, mahali palipokuwa na katazo la halmashauri, kwa kusimama kimya akisali moyoni; mwaka uliofuata mahakama ilimwachia.

Basi tungependa mwandishi aseme alichokiona: amesimama kimya, amegawa karatasi, amepaza sauti, ameziba mlango. Aliyeziba mlango na aliyenyamaza wasitiwe kapu moja. Na tendo la ndani liitwe kutoa mimba. Wapo waandikao kuharibika mimba kwa kuona haya, na hapo huumizwa mama aliyepotewa na mtoto bila kutaka, akahesabiwa kwa jambo asilolifanya.

Wamebaki wale wa kujitolea wanaofuatana na wanawake kutoka barabarani hadi ndani. Wapinzani huwaita wasindikizaji wa mauti. Hata msindikizaji peke yake hutupa taabu kidogo, maana kwetu husindikizwa mgeni anayeondoka, na hawa humleta anayeingia. Kwa sasa tutaandika: waliofuatana naye hadi mlangoni.