Mulikeni Koo Kabla ya Kusoma Namba

Mafindofindo tumeyazoea kama ugonjwa wa kusukutua maji ya chumvi na kungoja. Toleo hili linayapa nafasi kubwa kwa sababu kipimo cha pumu cha kupuliza kwenye mashine hupitisha pumzi papo hapo yalipo.

Gesi inayopimwa ni nitriki oksaidi. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 1991 kwamba imo katika pumzi ya binadamu, na muda si mrefu ikabainika kuwa wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2011 unahesabu kiwango kuwa cha juu kikizidi sehemu 50 kwa bilioni kwa mtu mzima, na 35 kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Daktari akiiona namba hiyo hufikiria dawa ya steroidi ya kuvuta.

Lakini gesi hiyo haitoki mapafuni peke yake. Puani imejaa tele, ndiyo maana mgonjwa hupuliza dhidi ya kizuizi ili kaakaa laini lizibe njia ya pua. Koo halizibiki. Mafindofindo nayo yana kimeng'enya kinachoitengeneza. Mafua huipandisha, mchicha wenye naitreti nyingi vilevile, sigara huishusha.

Mafindofindo yakikatwa, kidonda hufunikwa na utando mweupe kwa takriban wiki mbili, na pumzi hunuka. Wazazi hushtuka wakidhani kimeoza, kumbe ndivyo kidonda cha kooni kinavyopona. Kupima pumu katika siku hizo ni kujitafutia utata.

Msimamo wetu ni huu: mtoto asiongezewe dawa kwa namba tupu kabla koo lake halijamulikwa kwa tochi. Wala mafindofindo yasikatwe ili namba ishuke. Upasuaji una sababu zake: koo kuugua mara saba au zaidi ndani ya mwaka, au mtoto kukatika pumzi usingizini. Nasema kwa ukali kwa kuwa bado wapo watoto wanaokatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, wakavuja damu, na pumu ikabaki ilipokuwa.

Kliniki zenye mashine hizi ziongeze mstari mmoja kwenye fomu: koo limeonekanaje, na kama lilipasuliwa, lini.