Mashine ya Mjomba Haiuzwi kwa Kilo

Najua nimepotea siku nyingi, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Kemambo, kule Nyamongo, na nimerudi mjini na hasira. Bahati mbaya hasira yenyewe inaanzia kwangu mwenyewe, kwa hiyo leo mtanivumilia nijichape mimi kwanza, halafu nije kwenu.

Ilikuwa hivi. Kwenye kona ya stoo ya mjomba kulikuwa na mashine ya boti iliyofunikwa gunia. Johnson ya farasi 25, ya zamani kweli kweli, ya enzi za platini. Mjomba aliifanyia kazi Kinesi, miaka ile mwambao wote ule ukiitwa bado Tarime, kabla Rorya haijamegwa kuwa wilaya mwaka 2007. Kwa mashine hiyo alivua sangara, akasomesha watoto wake na wa dada zake, mimi nikiwemo. Baadaye dhahabu ya Nyamongo ikamwita kama ilivyowaita wengi. Boti akaiuza, mashine akapanda nayo huku. Watu wakamcheka. Mto Mara uko jirani, ni kweli, lakini huo ni mto wa viboko na mamba, si wa kwenda kujaribia mashine.

Basi siku hiyo akapita kijana anayenunua vyuma chakavu, na mkokoteni wake na mzani. Mimi, msomi wenu, mwandishi wa habari, nikamwita. Nikaona namsaidia mjomba kusafisha stoo. Mashine ikapimwa, kilo hamsini hivi. Ikatajwa bei, nikaona si haba. Mjomba akatoka ndani, akautazama mzani, akanitazama mimi.

"Mura, hiyo unaipima kama nyama?"

Sikuwa na jibu. Kijana akaondoka mikono mitupu, mimi nikabaki na aibu. Na ile aibu ndiyo iliyonifanya nikae pale likizo nzima nikimshikia spana, badala ya kurudi mjini kama nilivyopanga.

Sasa nije kwenu.

Sisi vijana tuliosoma tuna ugonjwa. Kitu kikizeeka tunaona haya kuonekana nacho, na mtu anayekitengeneza tunamwonea huruma kama vile kakosa kazi. Neno letu ni "gereji bubu". Akichafuka grisi chini ya mwembe tunasema hakusoma. Lakini jambo lile lile likifanywa na wakubwa tunapiga makofi. Mnakumbuka mwaka 2020, meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ilipokarabatiwa na kurudi ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu? Ilikuwa habari kubwa na picha kila mahali. Tukasema taifa linasonga mbele. Hakuna aliyeuliza kwa nini serikali inahangaika na chuma cha zaidi ya nusu karne. Kumbe kufufua mashine ya zamani ni maendeleo ikifanya serikali, na ni umaskini akifanya mjomba!

Hebu twende mbali kidogo, hadi Kigoma, maana kule ndiko ulipo ushahidi mkubwa kuliko wote. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani walipoona wanazidiwa vitani, waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka injini grisi nzito. Fikiria hilo. Watu wako vitani, wanakimbia, chombo wanakizamisha kwa mikono yao, na bado wanapata muda wa kuilinda injini isiliwe na maji. Ilikaa chini ya maji miaka mingi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970 ndipo zikawekwa za dizeli.

Naileta hadithi hii kwa sababu ya ile grisi. Yule fundi aliyeipaka alijua kwamba mashine haifi siku inaponyamaza. Inakufa siku anapokosekana mtu anayejua kuiamsha. Vyuma vilikuwepo, lakini kilichoiokoa Liemba ni ujuzi wa mikono ya watu.

Na ujuzi huo nimeuona Kemambo, nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha turubai. Ngoja niwaambie ulivyo, maana wengi tunadhani ni kugonga nyundo tu.

Pistoni zilikuwa zimekamata. Mtu mwenye haraka angeng'ang'ania kamba ya kuwashia mpaka ikatike. Mjomba alifungua plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu yake, akaiacha wiki nzima. Kila jioni alilishika gurudumu la juu kwa mikono miwili na kulisukuma kidogo, huku na huku, bila kulazimisha. Siku ya nane likakubali.

Platini alizisugua kwa msasa laini, akazipa mwanya wa nusu milimita. Tundu la jeti ya kabureta hakulichokonoa na waya, akalipuliza kwa pampu ya baiskeli. Nikamuuliza kwa nini. Akasema waya unapanua tundu, na tundu likipanuka mashine inakunywa petroli mpaka inakufilisi. Oili ya giya ilitoka nyeupe kama maziwa, maana yake sili zilikuwa zimechoka na maji yameingia. Impela, ile feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza mashine, ilikuwa imekauka na kubaki imepinda upande mmoja. Hapo tukasimama kabisa, tukaagiza sili na impela Mwanza, tukasubiri. Mimi nilisema tuiwashe dakika moja tu tusikie mlio. Mjomba akakataa. Bila maji, mpira ule unaungua mara moja, na silinda zinafuata.

Naongeza jambo moja ambalo sikulijua. Mashine hii ilifaa kufufuliwa kwa sababu ilifanya kazi kwenye maji baridi. Ya Ziwa Victoria huzeeka taratibu kuliko ya baharini, ambayo chumvi huila kutoka ndani, kwenye njia za maji usizoziona. Kwa hiyo kule kwetu kuna mashine nyingi kwenye mastoo ambazo bado zina uhai. Na ndizo hizo hizo tunazozipima kwa kilo.

Mtaniambia, si ununue mpya? Sawa, mwenye pesa anunue. Lakini nawauliza, hata hiyo mpya ikiharibika, nani ataifungua? Johnson yenyewe na dada yake Evinrude zilikuwa za kampuni moja ya Marekani, OMC. Kampuni hiyo ilifilisika Desemba 2000. Waliochukua majina hayo, BRP wa Kanada, wakatangaza mwezi Mei 2020 kwamba hata Evinrude wanaacha kuitengeneza. Huyo Evinrude tunayemtaja alikuwa mtu, Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norway, fundi wa karakana kule Milwaukee, aliyeanza kuuza mashine zake za boti mwaka 1909. Fundi wa karakana, jamani! Leo kiwanda kimefungwa, na mashine bado iko Kemambo na inasubiri spea. Ukitegemea kiwanda peke yake, siku kikifa na wewe umekufa naye. Ukiwa na fundi, bado una mashine.

Haya, najua hoja mlizoshika mkononi. Tuziangalie bila kukwepa.

Ya kwanza ni uchafuzi, na mnayo haki. Mashine hizi za zamani zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli ni chafu. Sehemu kubwa ya mafuta, hata robo, inaweza kutoka bila kuungua na kuingia majini, na yale ni maji tunayokunywa. Sitetei hilo. Mashine za kisasa ni safi zaidi na natamani kila mvuvi awe nayo. Lakini mvuvi wa kawaida hachagui kati ya mpya na kuukuu. Anachagua kati ya kuukuu iliyotunzwa na kuukuu iliyoachwa. Iliyoachwa, anaimwagia oili kwa kukisia, inatoa moshi kama tanuru la matofali. Mjomba anapima: lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli, kama Johnson hii inavyotaka. Tofauti ya hizo mbili inaonekana juu ya maji kwa macho. Mkitaka ziwa safi leo, anzeni na fundi anayejua kupima.

Ya pili ni usalama. Mashine ikizima katikati ya ziwa upepo ukiwa umeanza, watu wanakufa. Hapa sicheki kabisa. Ndiyo maana nasema kazi hii isifanywe kienyeji. Sisi tuliijaribu kwenye pipa la maji, propela ikiwa imetolewa, uwanjani kwenye hewa wazi, petroli ikiwa mbali. Mara ya kwanza iliwaka robo saa, ikazima, na oili ya giya ikatoka nyeupe tena. Sili moja ilikuwa haikukaa vizuri. Mjomba akaifungua yote upya. Mimi ningeiacha hivyo hivyo, maana ilishawaka bwana! Yeye akasema kuwaka si kupona. Neno hilo lingebandikwa kwenye kila gereji ya nchi hii.

Ya tatu ni wizi. Majambazi wa ziwani huwapora wavuvi mashine, kila mtu wa kule analijua hilo. Kwa hiyo unayetaka kufufua mashine kuukuu, tazama namba yake kwanza. Ikiwa imesuguliwa, iache, hata ikiwa bei ya bure. Kumbuka pia kwamba mzani wa chuma chakavu hausomi namba. Mashine ikivunjwavunjwa na kuuzwa kwa kilo, aliyeibiwa hataiona tena.

Sasa nataka nini? Sitaki mjomba apewe cheti cha kutundika ukutani. Nataka vitu vitatu.

VETA ipo kwa sheria tangu mwaka 1994, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia kazini bila kukaa darasani. Utaratibu huo mzuri ushuke mialoni, Kinesi, Shirati, Mwigobero, ukawapime mafundi wa mashine za boti. Atakayefaulu aandike jina lake kwenye kazi yake, abadilishe nini na lini, ili mvuvi ajue anapanda juu ya kazi ya nani.

Pili, SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Pini ya propela au bushi ya shaba ni kazi ya mashine ya kukereza, si kazi ya meli kutoka ng'ambo. Vitu hivyo vikerezwe hapa hapa mkoani, kwa kipimo sahihi, tuachane na spea feki.

Tatu ni letu sisi. Tuache kucheka. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya kuwapa watu haki ya kutengenezewa vitu vyao badala ya kulazimishwa kununua vipya. Wazungu wanaitungia sheria tabia ambayo mjomba anayo bure, na sisi ndio kwanza tunajifunza kuionea aibu.

Kemambo ni kata inayojua kupima. Dhahabu inapimwa kwa gramu, chuma kwa kilo. Tangu mgodi mkubwa wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, tumebishana miaka nenda rudi juu ya thamani ya kilicho chini ya ardhi yetu, na tuendelee kubishana, ni haki yetu. Ila kuna mali nyingine ambayo hatujaiwekea mzani, nayo iko kwenye mikono ya wazee wetu. Mjomba amepita miaka sabini. Wanawe wako mijini. Aliyemshikia spana ni mimi, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwita mwenye mzani.

Mashine imerudi Kinesi, kwenye boti ya binamu yangu, yenye makasia na maboya kwa amri ya mjomba. Mimi bado siwezi kuifungua peke yangu. Nimejifunza platini na kabureta tu, giya bado. Likizo ijayo narudi.

Na wewe, nenda kaangalie stoo ya kwenu kuna nini. Halafu muulize mzee jinsi ya kukiamsha, kabla hujamwita mtu wa mkokoteni.

Naomba kutoa hoja.