MGENI NJOO, LAKINI MWENYEJI APONE

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Habari zimekwisha enea kwamba yuko tajiri wa maduka makubwa anayetaka kupanga ghala letu la barabarani afungue duka. Vijana wanafurahi, wanasema kazi zimefika. Wenye vibanda wanalia, wanasema wamekwisha. Kabla hatujanyoosha mikono mkutanoni, na mimi ninalo neno.

Sikatai duka kubwa. Linaweza kuamsha mahali palipolala. Lakini tuulize: litaacha nini hapa, na litaondoka na nini?

Jambo hili babu zetu walikwisha liona. Karne ya 19 misafara ilipita Tabora, ikienda Ujiji na kurudi pwani. Wanyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi mpaka Bagamoyo, wakalipwa vitambaa. Lakini si mapagazi peke yao waliopata. Msafara wa mamia ya watu lazima ule, na vijiji vya njiani viliuza nafaka na kuku. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi ukafa. Mwenye shamba alibaki na shamba lake. Aliyetegemea bega tu alibaki na bega.

Hata serikali imewahi kuwa mwenye duka kubwa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara kubwa ya jumla ilitaifishwa, na katika miaka ya 1970 mikoa ikawa na kampuni zake za biashara, zile RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, vijiji viendeshe ya kwao. Nia ilikuwa njema, lakini maduka mengi ya vijiji hayakuwa tayari, bidhaa zikaadimika, na serikali ikabidi ilegeze kamba. Basi tusimfukuze mwenye kibanda kabla hatujajua nani atatuuzia chumvi kesho.

Na hao matajiri wa siku hizi nao huondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014. Uchumi ya Kenya ilifunga ya kwake mwaka 2015. Wafanyakazi wakakosa kazi, na waliopeleka mali wakabaki wanadai.

Kwa hiyo mimi nasema tukubali, lakini kwa masharti matatu, tena yaandikwe:

1. Vijana wetu, wake kwa waume, waajiriwe kwa mkataba, na wafundishwe hesabu na utunzaji wa ghala. Siyo kufagia na kulinda mlango tu.

2. Duka linunue asali, mchele na karanga zetu kupitia chama, na lilipe ndani ya siku 30. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ajira itashika watu wachache; ununuzi utafika kila nyumba.

3. Wenye vibanda wauziwe kwa bei ya jumla, ili nao waendelee kuwafikia watu wa vitongoji vya mbali.

Na sisi je? Juzi niliingia duka moja mjini nikakuta asali ya chupa iliyotoka nchi nyingine. Jamani, asali, hapa hapa Tabora! Nikamwuliza mwenye duka, akanijibu bila kunificha: "Mzee, asali yenu leo nzuri, kesho ina masizi na maji. Nikiagiza ndoo mia, mnaleta kumi." Niliona haya, maana alisema kweli. Wapo kati yetu wanaochanganya maji, na tunawajua.

Basi chama kipime kila ndoo kabla ya kuipokea, na tuifuate alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS. Mwenye kuchakachua arudishiwe ndoo yake mbele ya watu, hata akiwa shemeji wa mwenyekiti. Bila hivyo, masharti yetu yatakuwa karatasi tu, na tajiri ataleta asali ya kwao aiweke ndani ya ghala letu.

Tukutane mkutanoni. Asiyekuja asije akalalamika kilabuni.

Wenu katika ushirika,
Mwanachama mfuga nyuki